Umeme wa maji ulindwe kuanzia kwenye vyanzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa umeme nafuu na hifadhi ya mazingira, ambao mara nyingi huendeshwa kana kwamba mambo hayo mawili ni maadui. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, limetupunguzia hofu ya mgao kama ule wa mwishoni mwa mwaka 2023. Lakini mitambo hiyo haizungushwi na saruji, bali na maji ya Mto Rufiji, ambayo zaidi ya nusu yake huletwa na Mto Kilombero.

Onyo tunalo tayari. Mto Ruaha Mkuu, unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, ulianza miaka ya 1990 kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sehemu kubwa kutokana na maji kuchepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu. Siwalaumu wakulima, maana wali huo tunaula sote.

Napendekeza sehemu ndogo ya mapato ya kila uniti ya umeme wa maji itengwe kisheria kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, itumike kukarabati mifereji inayovuja Usangu na kulinda ardhi oevu ya Kilombero kabla haijageuzwa yote kuwa mashamba, na hesabu zake zitangazwe hadharani kila mwaka.

Msomaji wako,
Ifakara