Umeme wa bure mlioupiga picha wakati wa masika

Ndugu Mhariri,

Sijaandika barua gazetini tangu mgawo wa umeme wa 2006, kina cha bwawa la Mtera kiliposhuka na nchi nzima ikatambua kwamba maji nayo huisha. Miaka yote hiyo nimenyamaza, nikijisemea vijana wapo, wataandika. Lakini ile habari yenu ya Jumapili iliyopita, yenye picha ya kijana aliyeshika balbu kando ya kijito, imenishinda. Eti kijito kile kitawasha kijiji kizima na kuendesha mashine ya kusaga, tena bure!

Na kijana yule sina ugomvi. Kuzungusha dainamo kwa pangaboi uliyochonga mwenyewe si kazi ndogo. Ugomvi wangu ni na mwandishi wenu, aliyekwenda mwezi wa tatu maji yamejaa, akapiga picha, akawahi basi.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo. Chukua ndoo ya lita 20, kinga maji, tazama saa. Ikijaa kwa sekunde 2, una lita 10 kwa sekunde. Maji yanashuka mita ngapi mpaka kwenye mtambo? Mwandishi wenu kasema 6. Zidisha 10 kwa 6, halafu zidisha kwa 5 (ingekuwa karibu 10, kwa mvutano wa dunia, ila kama nusu ya nguvu inapotelea kwenye bomba, mtambo na mkanda). Unapata wati 300. Pasi moja ya umeme inakula 1,000. Mashine ya kusaga inataka kilowati 10 na zaidi. Na hiyo ni masika. Mwezi wa kumi utaitega ndoo ileile, uende kumjulia hali jirani, urudi uikute bado haijajaa.

Nayasema haya kwa sababu mtambo wa maji nimeuendesha mwenyewe kijijini kwetu huku Njombe kwa miaka 11. Ulikuwa na maporomoko ya mita 24, na masika ulitoa kilowati 12; kiangazi hata 3 hazifiki. Mkesha wa Krismasi mmoja mvua ilinyesha tangu mchana. Saa tatu usiku taa zikawa nyekundu kama makaa, kinanda cha kwaya kikaanza kulia kama mbuzi, na watu wakaanza kuniita kwa jina la baba yangu. Nikachukua tochi na reki, nikapanda hadi kwenye kingio, pale maji yanapoingia bombani. Chujio lote limezibwa: majani, mabua ya mahindi, na kandambili moja ya mtoto. Nikaingia majini mpaka kiunoni, nikazoa kwa muda wa karibu saa mbili, vidole havina hisia. Narudi kijijini nalowa, mweka hazina ananiuliza kwa nini sikusubiri ibada iishe, maana nilipofunga maji taa zilizimika kabisa! Mwaka uliofuata beringi ililia wiki tatu. Nikaomba hela ya kununua nyingine, nikaambiwa mfuko hauna kitu. Kila nyumba ilitakiwa itoe shilingi 2,000 kwa mwezi, na wengi walinijibu kwamba maji ni ya Mungu, sasa walipie nini? Kile kidogo kilichopatikana kilikuwa kimenunua jezi za timu ya kijiji. Beringi ikasagika, ikala na shafti. Leo kwenye nyumba ya mtambo kuku wanataga. Hiyo ndiyo bure mnayoisema.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayeliandika. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Njooni muone mita 60 za huku. Milingoti (mikaratusi) imepandwa hadi kwenye jicho la chemchemi, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimeshuka mpaka ukingoni, na sasa parachichi zina bei, basi kila mwenye miche kavuta mpira wake wa maji kutoka juu. Ukiuliza, unaambiwa una wivu. Maji ya kuzungusha mtambo yatoke wapi, kwenye ndoo za harusi?

Msinielewe vibaya, nguvu ya maji naiamini. Maji yaleyale yanazungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, kisha yanateremka Kidatu na kutoa 204 nyingine. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Lakini kule kuna bwawa la kuhifadhia maji ya masika, na watu wanaolipwa mshahara kila mwezi kuangalia beringi. Kijito hakina bwawa. Kina mzee mmoja mwenye reki.

Napendekeza hivi: uzinduzi wowote wa umeme wa kijito ufanyike mwezi wa kumi, saa moja usiku, na mgeni rasmi asikate utepe bali akinge ndoo mbele ya wananchi. Beringi mbili za akiba ziwe zimefungiwa sandukuni kwa kufuli, na funguo asipewe mtu yeyote wa timu ya mpira. Mwandishi wenu naye anakaribishwa. Ndoo ninayo, saa aje na ya kwake.

Fundi mstaafu,
Njombe.