Barua kwa Rehema: ile nchi ya 75

Shosti wangu Rehema,

Mambo vipi huko? Najua utauliza kwanini nimekuandikia libarua lote hili badala ya voisi noti, ila voisi noti ningeishia kucheka mwenyewe na we ungeisikiliza nusu ukaiacha, na hii ishu nahitaji ushahidi wako, tena wa maandishi. Kwahiyo kaa vizuri.

Unamkumbuka yule bibi wa kabini 7114, wa meli yetu ya pili? Yule wa makaratasi. Kila asubuhi tukiingia kutandika tunakuta lile likaratasi lake limewekwa juu ya mto, majina mengi mengi na tiki za kalamu ya bluu, na kibarua pembeni "tafadhali msiliondoe". We ulisema ni dawa zake. Mi nikasema hakuna binadamu anayemeza dawa 300, labda ni watu wanaomdai. Kumbe zilikuwa nchi! Bibi alikuwa anaweka tiki kila bandari tunayofunga kamba.

Basi mi na yeye hatujawahi kupotezana, kila mwaka mpya ananisalimia, na mwezi uliopita nikawa nimepita mji anaokaa kwa mambo yangu mengine, nikamwambia, akasema vizuri sana Jumamosi kuna chakula cha mchana cha klabu yetu njoo uwe mgeni wangu. Klabu gani, namuuliza. Anasema klabu ya watu waliofika nchi 100 na kuendelea. Nikadhani ananitania.

Hatanii shosti. Inaitwa Travelers' Century Club, ilianzia Los Angeles mwaka 1954, na kazi yake hasa ni hiyo tu, watu waliozunguka sana wanakutana wanakula wanapiga stori. Wana listi yao wenyewe na hapo ndo utamu ulipo, maana Umoja wa Mataifa una wanachama 193, lakini listi ya hawa watu imefika 330. Nilivyoiona nikasema hizi zingine zimetoka wapi, wamezifuga? Ukiisoma ndo unaelewa, wanahesabu na visiwa vilivyo mbali na nchi yake, makoloni ya zamani, vipande vilivyokatwa na bahari au na nchi ya mtu mwingine. Alaska kivyake, Hawaii kivyake. Zanzibar kivyake na Tanzania kivyake (usianze siasa, ni listi tu). Uturuki iko mara mbili, ya Ulaya na ya Asia. Falme za Kiarabu wanazihesabu saba, yaani mtu akiwa na gari na mafuta anaamka Abu Dhabi jioni kaongeza nchi kadhaa na hajavuka mpaka wowote wa maana.

Ukifika 75 wanakupokea kwa muda, kama mwanafunzi hivi, ukifika 100 unakuwa mwanachama kamili, halafu kuna madaraja, 150 fedha, 200 dhahabu, mpaka 300 almasi. Bibi yangu ni wa dhahabu.

Sasa kile chakula. Watu kama thelathini, wengi umri wa bibi, wamevaa kawaida tu, hakuna makuu. Wanaanza kujitambulisha, mtu anasimama anataja jina halafu namba. "Naitwa fulani, 214." Anakaa. "Naitwa fulani, 168." Anakaa. Kama gereza vile! Mzee mmoja akasema 309, watu wakapiga meza. Ikafika kwangu nikasimama nikasema naitwa Saida, sijahesabu. Kimya. Halafu wakacheka wote kwa pamoja, sio kwa ubaya, unajua kile kicheko cha watu kusikia mtu mzima hajui ana watoto wangapi.

Jirani yangu akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nilikuwa melini, miaka saba, usafi wa kabini. Akanishika mkono akasema una bahati sana wewe, sisi tunalipa kusafiri, wewe ulikuwa unalipwa. Rehema, nilitabasamu lile tabasamu letu la korido. Nikakumbuka kabini 16 asubuhi, kabini hizohizo 16 jioni, na zile karatasi za masaa tulizokuwa tunasaini bila kusoma, zinasema sheria ya kazi za baharini hairuhusu zaidi ya masaa 14 kwa siku na lazima upate mapumziko masaa 10, na tunasaini huku macho yamefumba. Sikumwambia. Kwanza ni mtu mzuri, na pili kwa upande mwingine alikuwa sahihi, maana ni kweli nililipwa na ni kweli nilifika.

Mwingine akaniuliza kama nafahamiana na Jessica Nabongo. Yule dada mzaliwa wa Detroit, wazazi Waganda, aliyemaliza nchi zote za dunia mwaka 2019, ya mwisho ikawa Shelisheli. Nikamwambia hapana, sisi hatujuani wote. Akaona aibu mpaka nikamhurumia, nikamwongezea kwamba ningependa sana kumjua, na ni kweli.

Ila stori zao jamani. Mi nilidhani watajisifia hoteli na ndege. Hakuna. Wanajisifia mateso! Wanaongelea Tokelau, haina uwanja wa ndege, unapanda boti kutoka Samoa na ni zaidi ya siku nzima kwenye maji. Wanaongelea kisiwa cha Wake ambacho ni cha jeshi la Marekani, huendi tu kwa kupenda kwako. Wanaongelea namna Sudan Kusini ilivyopata uhuru Julai 2011, kuna watu walikuwa wameshamaliza dunia wametulia zao, wakaamka asubuhi wakakuta wamebakiwa na moja. Nilicheka mpaka machozi.

Na yule mzee wa 309 ndo aliyeniharibia usingizi. Kakaa mbele yangu ananisimulia Tristan da Cunha, kile kisiwa katikati ya Atlantiki ya kusini, hakuna ndege, ni meli tu kutoka Cape Town na safari ni kama wiki nzima. Akakata tiketi, akaenda, akatapika njia nzima, wakafika, kisiwa kile pale anakiona, anaona nyumba, anaona moshi. Bahari ikachafuka. Boti za kushusha watu hazikuweza kushuka. Wakasubiri siku, wakasubiri ya pili, nahodha akasema basi, tunageuza. Nikamuuliza kwahiyo uliitia tiki? Akaniangalia kama nimemtukana. "Sikukanyaga," akasema. Hivyo tu, akaendelea kula.

Maana sheria yao ni mguu. Hata dakika chache, hata ndege imetua kuweka mafuta, hata meli imetia nanga mkashuka mkarudi, ukishakanyaga ni yako. Na hakuna anayekuja kukukagua mihuri, unajaza listi mwenyewe na dhamiri yako. Ingekuwa mihuri sisi tungekuwa hatujatoka nyumbani kabisa, si unajua pasipoti zilikuwa zinakaa ofisini kwao meli nzima, yangu mpaka leo nyeupe peee, ukiitoa viza ya mabaharia ya Marekani ile C1/D na mihuri ya kupanda na kushuka meli hakuna kitu.

Basi nimerudi nilipofikia usiku ule sikulala, nimechukua listi na kalamu. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa nilipata nchi 49. Nikashangaa, nilidhani kumi na tano ishirini hivi. Halafu nikaanza kuhesabu kwa hesabu yao. Weee! Sisilia ile Messina tulipokuwa tunashuka kununua laini. Sardinia. Corsica. Palma ya kule Balearic. Gibraltar. Madeira. Aruba, Curaçao, Bonaire, zote tatu wanahesabu mbalimbali. Na unakumbuka kile kisiwa chenye pande mbili, Sint Maarten ya Waholanzi na Saint-Martin ya Wafaransa, ulivyonilazimisha tutembee kwa miguu juani kwenda upande wa pili kwa sababu umesikia kuna wifi nzuri? Hakuna geti, hakuna askari, ni kibao tu barabarani. Hiyo ni mbili, shosti! Na Istanbul uliponipakia kwenye feri kwenda Üsküdar eti tukapunge upepo, ile feri imenipa Uturuki ya Asia. Kila nikiweka tiki nakuona wewe umetangulia mbele na mkoba wako.

Halafu nikagundua kitu kikanichekesha na kikaniuma kidogo. Pale mezani wenzangu wakitaja mji wanataja kanisa, makumbusho, mlima. Mi nikiuona mji kwenye listi kinachonijia ni ngazi za mahali tulipokaa kupiga simu. Napoli kwangu ni ukuta wa nyuma ya kituo cha mabaharia na sauti ya mama inakatika katika. Barcelona ni benchi. Ramani yangu ya dunia ni ya wifi, nakuchorea bila kuangalia wapi inashika na wapi inakata, wapi wanakufukuza usiponunua kitu. Nilimwambia bibi kesho yake, nikadhani atanionea huruma, akasema hebu niandikie hizo sehemu, maana kwenye hiyo miji mingine ameenda mara tatu na hajui kama kuna kituo cha mabaharia. Nikamwandikia, ukurasa mzima. Akaukunja akaweka kwenye listi yake.

Haya, sasa ushahidi. Mwisho wa kuhesabu nimepata 74. Sabini na nne, Rehema! Nimepekua kila kona, nimepita kontrakti moja moja, nimefukua mpaka picha za simu ya zamani. 74. Moja tu niingie kwenye ule uanafunzi wao.

Na iko moja. Dominica, ile ndogo ya milima, siyo Jamhuri ya Dominika, zile ni nchi mbili tofauti usizichanganye tena kama ulivyomchanganya supavaiza. Tulifika Roseau, bandari yake, mara nyingi ila kila tukifika mi niko IPM, nimewekwa zamu ya kubaki melini, nilikuwa nadhani supavaiza ananifanyia makusudi na mpaka leo nadhani hivyo. Ila kuna siku moja ile mvua kubwa, wazee wengi wanataka kushuka, wakatuita mi na wewe tusaidie viti mwendo kwenye ngazi. Mi nikamsukuma yule mama mnene mwenye kofia ya maua. Nakumbuka nimeshuka ngazi nimemshika kwa nyuma. Nakumbuka mvua inanipiga usoni. Nakumbuka mtu wa bandari kampokea, mama kanishukuru, nikageuka nikapanda. Lakini nilimfikisha wapi? Mpaka kwenye gati, kwenye zege lenyewe, au niliishia pale kwenye kile kibao cha chuma mwisho wa ngazi, ambacho ni cha meli?

Nimelifikiria hili wiki tatu. Usicheke. Ningekuwa sijakutana na yule mzee wa Tristan ningetia tiki nikalala zangu.

Bibi anasema tia, ulishashuka ngazi, nani atakuuliza. Mi nikamwambia mwenzako katapika wiki mbili, ya kwenda na ya kurudi, na hakutia. Akanyamaza.

We ulikuwa mlangoni na yule mlinzi wa mashine ya kadi. Kama nilitoka kihalali ningegonga kadi na mashine ingelia ile ting yake, ningerudi ingelia tena. Mi sikumbuki ting. Ila mvua ilikuwa na kelele na pia inawezekana walituruhusu bila kugonga kwa sababu tunashuka na kupanda. Na viatu vyangu, si uliniambia usiku ule nimekuletea tope kabini? Tope la wapi kama sikukanyaga? Au ile ilikuwa siku nyingine?

Nijibu ukweli, tena usinijibu kwa huruma maana nakujua, ukihisi mtu anakitaka kitu unampa. Na kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba na wewe nimekuhesabia. Kontrakti zote tulizokuwa pamoja, jumlisha ile yako ya kuzunguka dunia niliyoikataa mimi nikaumwa wivu miezi mitano. Umefika 91. Na Roseau ulishuka mara nne, nakumbuka kwa sababu kila mara uliniletea jiwe la ufukweni, ninayo mpaka leo manne kwenye kopo.

Mawe hayahesabiki, nimeshamuuliza bibi.

Wako,
Saida