Tovuti za notisi zitufikirie darasani

Mhariri,

Kuna mabishano yamekuwa kwa stafurumu yetu hapa Nakuru, eti mtu akitengeneza tovuti yake, anafaa kujali kama mwalimu ataitumia darasani? Wenzangu wengine wanasema kitu ikishaingia kwa intaneti ni ya wote. Mimi nakataa. Mtu ameandika mambo ya flamingo wa Ziwa Nakuru kwa raha zake na bando lake, huyo simdai chochote, nikitaka kazi yake nimuulize, asipojibu nisome nielewe nikafundishe kwa maneno yangu.

Lakini huyu anaandika juu kabisa "notisi za Grade 8, bure", huyo namdai, maana anajua vizuri ni nani anakuja. Sasa mwalimu anafungua ukurasa kwa projekta, hotspoti ni ya simu yake mwenyewe, watoto wametulia wanangoja mchoro wa seli, kumbe kinachotokea ni tangazo la kubeti limejaa ukuta mzima, na kile kialama cha kufunga ukikibonyeza linafunguka lingine. Darasa zima linaanza kusoma odi kwa sauti. Watoto wa miaka 13! Ukiprinti nayo, karatasi zinatoka na menyu na matangazo, notisi zenyewe zimekatwa katikati.

Sisemi atoe matangazo yote, kuhosti ni pesa. Atoe ya kamari tu, aweke jina lake na tarehe, halafu aseme wazi kama naruhusiwa kutoa fotokopi. Hii ya mwisho ndio inatusumbua sana. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 imeachia shule kanafasi, kama vile kuweka vifungu viwili vifupi vya kazi ya mtu kwa mkusanyo wa shule mradi utaje kazi na mwandishi, lakini notisi nzima ukiitolea kopi strimu tatu hiyo si vifungu viwili tena. Na leseni za Creative Commons, yaani ruhusa zimeandikwa tayari za mtu kuwekea kazi yake, ziko tangu 2002, ni za bure, ni mstari mmoja tu chini ya ukurasa kwamba nakili lakini usiuze, kwisha.

Wako wanaojua kutufikiria. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, yale majaribio ya sayansi ya kwa kompyuta, ya saketi na mengine, unadaunilodi nyumbani na darasani yanafanya kazi bila intaneti. Flash, ile programu ya kuonyesha michoro inayosonga kwa tovuti, ilipozimwa mwisho wa 2020 tovuti kibao za masomo zilibaki na kisanduku kitupu pale mchoro ulikuwa, wao walikuwa wameanza kuhamisha zao mapema.

Ila na sisi walimu tusijifanye malaika. Kuna wenye wanachukua notisi ya mtu, wanafuta jina, wanauzia wanafunzi kama yao. Huo ni wizi, na mmoja nimeshamwambia, akanuna.

Mwalimu wa junia,
Nakuru