Naivasha Jumamosi hii

Habari za jioni wapendwa. Tunatoka Westlands kwa baiskeli saa kumi na mbili kamili asubuhi, tupitie Limuru, tushuke Mai Mahiu hadi Naivasha.

Ninalowaza sana ni ule mteremko. Barabara ni nyembamba, malori ni mengi, na ukikaza breki mfululizo rimu hushika moto. Kaza, achia, kaza tena, na tushuke mmoja mmoja. Chini tusubiriane kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, tafadhali asipitilize mtu. Njooni na jaketi, ukungu wa msitu wa Kijabe si wa kuchezea. Tyubu ya akiba kila mtu. Kurudi ni kupanda, kwa hiyo tutapakia baiskeli kwenye matatu. Nithibitishieni kufikia Alhamisi usiku.