Mjomba, majoho umetusimulia, sasa tusimulie muziki

Shikamoo Mjomba,

Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo imeshindikana. Kila nikianza habari za Sun Ra, yule mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi uliyemwona huko Marekani, mtu anatupia picha za harusi na mazungumzo yanafia hapo. Halafu nina hakika baadhi ya wasomaji wangu nao wana wajomba wa aina yako: walikwenda Marekani miaka ya themanini, wakabeba maboksi mchana na kusoma usiku, wakarudi na hadithi moja ambayo familia haichoki kuisikia.

Yako tunaijua kwa moyo. Mzee mnene wa mtaa wa Germantown, kule Philadelphia, kofia inametameta, joho la dhahabu, anapita barabarani na wenyeji wala hawageuzi shingo. Rafiki yako anakunong'oneza kwamba huyo ametoka sayari ya Zohali. Kisha usiku ule ukumbini: bendi nzima inashuka jukwaani, inazunguka katikati ya viti ikiimba habari za angani, na yule mzee anakuinamia wewe, karibu kabisa, anakuimbia usoni. Hapo huwa unasimama, unajitanda kitambaa cha meza, na watu wanacheka mpaka chai inamwagika.

Nimecheka miaka yote hiyo. Ila nina dai, Mjomba, na nalisema kwa heshima zote: hujawahi kutuambia walipiga nini.

Si wewe peke yako. Nimepitia kumbukumbu nyingi za watu waliomwona: waliokuwa wakienda Slug's, kile kilabu cha Manhattan alichopiga kila Jumatatu kuanzia 1966 mpaka usiku wa manane, waliomkuta Fondation Maeght, jumba la sanaa kusini mwa Ufaransa, mwaka 1970, waliokaa darasani kwake Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1971, maana hata uhadhiri aliwahi kufanya. Karibu wote wanaanza na mavazi. Wanahamia Zohali. Kisha wanaeleza jinsi walivyomuuliza kaswali kadogo wakapewa mawaidha ya Misri ya kale, Biblia na siri za herufi hadi miguu ikawauma. Muziki unaambulia sentensi moja mwishoni, kwamba ulikuwa wa ajabu. Wa ajabu namna gani? Kimya.

Naelewa kwa nini. Joho linasimulika na sauti ni ngumu. Lakini kwa njia hiyo tunambakiza yule mzee kuwa kichekesho, na yeye alikuwa fundi kuliko wengi waliovaa suti.

Alizaliwa Birmingham, Alabama, tarehe 22 Mei 1914, jina Herman Blount, nyumbani wakimwita Sonny. Alikulia karibu na stesheni ya reli, mbele yake kukiwa na bango kubwa linaloukaribisha umma kwenye Jiji la Maajabu, na miaka baadaye jina hilo akaliweka juu ya moja ya kazi zake ndefu na kali kuliko zote. Mwaka 1942 alipoitwa jeshini alikataa kwa sababu za dhamiri. Wakamtia jela huko Alabama, kisha wakampeleka kambi ya kazi za misitu Pennsylvania. Vita vilipokwisha akawa Chicago, na pale Club DeLisa akapiga piano na kupanga muziki wa bendi ya Fletcher Henderson. Henderson, Mjomba! Yule ambaye mipangilio yake ndiyo iliyompa umaarufu Benny Goodman, kiongozi wa bendi, miaka ya thelathini. Kwa hiyo aliyekuimbia usoni alikuwa amefunzwa na wazee wenyewe wa jazi ya kucheza.

Mwaka 1952 akabadilisha jina kisheria. Habari za kuzaliwa akawa anazikwepa. Kwao, alisema, ni Zohali. Wewe hapo hucheka. Mimi siku hizi nashindwa. Mtu mweusi wa Birmingham ya wakati ule, mji ambao sheria ilimpangia kiti cha kukalia kwenye basi na shule ya kusoma, akisema "mimi si wa hapa", sioni kama anatania sana.

Turudi kwenye bendi. Aliiita Arkestra. John Gilmore aliingia mwaka 1953 na saksofoni yake aina ya tenor, akakaa humo karibu muda wote mpaka kufa kwake mwaka 1995. John Coltrane mwenyewe, yule gwiji wa saksofoni, alikiri kwamba alijifunza kitu kwa Gilmore, na Gilmore angeweza kuondoka wakati wowote akaongoza bendi yake akapata jina na pesa. Marshall Allen aliingia 1958. Pat Patrick alishika saksofoni ya baritoni. Huyo ndiye baba wa Deval Patrick aliyekuja kuwa gavana wa Massachusetts. Na kabla sijasahau, wewe unayempenda mpiga piano Herbie Hancock wa enzi za bendi yake ya Mwandishi: yule mpiga tromboni wake Julian Priester, aliyejipa jina la Pepo Mtoto, alianzia kwa Sun Ra kule Chicago miaka ya hamsini akiwa kijana mdogo.

Watu kama hao hawakai miaka arobaini kwa ajili ya majoho. Mshahara nao haukuwapo wa kutaja. Waliishi pamoja kwenye nyumba moja ya Morton Street, huko huko Germantown, mali ya baba yake Marshall Allen, tangu 1968. Huku kwetu tungesema bendi iko kambini, ila kambi hii haikuvunjwa. Mazoezi yalianza wakati wowote mzee akiamka na wazo, hata saa tisa usiku, na pombe na dawa za kulevya hakuzitaka. Muziki uliosikia na kudhani kila mtu anapiga lake ulikuwa umefanyiwa mazoezi hivyo. Hata kelele zile zilipangwa: mzee ananyoosha mkono, saksofoni zote zinapiga mayowe, anaushusha, zinanyamaza kwa pamoja kama mpira uliodakwa.

Nakuomba ufunge macho ukumbuke. Usiku wako ulikuwa wa miaka ya themanini, na miaka hiyo Arkestra walikuwa wakipiga sana nyimbo za zamani za Henderson na Duke Ellington, kwa ustadi wa kumfanya babu yeyote wa Harlem ainuke acheze. Je, walizipiga? Maana hapo ndipo penye utamu wake: dakika kumi za swingi safi, yaani ile jazi ya kucheza, halafu mzee anageukia sintesaiza, kinanda cha umeme, na kuleta dhoruba, viwiko na ngumi juu ya vibao, ngoma zinaingia, halafu katikati ya vurugu hiyo mwimbaji wao June Tyson anaanza kuimba taratibu na kila kitu kinapata njia. Waliokuwapo wanasema dhoruba. Wachache wanasema swingi. Mimi naamini bila hiyo swingi dhoruba isingekuwa na maana yoyote, na ndiyo sababu waigaji wake wengi wananichosha: wamenunua majoho, Henderson hawakumsoma.

Mjukuu wako aliponisikia nikisema "jazi" aliuliza kama ni ile ya Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Nikamwambia hapana, kule gitaa ndilo linalotawala, na watu wanakuja kucheza. Kisha nikajishuku. Kwa Sun Ra nako watu walicheza, na wanamuziki wenyewe walicheza wakiwa wamebeba vyombo. Mwaka 1977 walipokwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC, hadhira ya Kiafrika iliwaona kwa macho yake. Natamani kumpata mtu mmoja tu aliyekuwapo anieleze kama walikaa au waliinuka.

Jambo jingine ni ile santuri. Uliwahi kusema, tena kwa kupita, kwamba baada ya onyesho mwanamuziki mmoja alikuwa akiuza santuri pembeni ya jukwaa na ukanunua, gamba limechorwa kwa mkono. Hizo walizichapisha wenyewe kwa lebo yao ya El Saturn, waliyoianzisha Chicago miaka ya hamsini pamoja na Alton Abraham, mshirika na meneja wake Sun Ra. Nyingine zilitoka nakala chache mno, magamba wakayachora na kuyapaka rangi mezani pale nyumbani, na mara nyingi mnunuzi hakuambiwa ni nani anapiga wala ilirekodiwa mwaka gani. Leo watu wanazitafuta kwa bei ya pikipiki. Siitaki bei. Nataka kuisikia. Ukiipata, tafadhali usimpe yule fundi wa radio aisafishe kwa petroli.

Mzee alipata kiharusi mwaka 1990, akaendelea kupiga akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na alipozidiwa akarudi Birmingham, kwa ndugu zake, mji uleule aliokuwa akiukana. Akafia huko tarehe 30 Mei 1993, siku nane baada ya kutimiza miaka 79. Gilmore akashika bendi, baada yake Marshall Allen, ambaye alitimiza miaka 100 mwezi Mei 2024 na mwaka uliofuata akatoa albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Nyumba ya Morton Street jiji limeiweka kwenye orodha ya majengo ya kihistoria tangu 2022. Nakutajia haya kwa sababu ukiongea na rafiki yako yule wa Philadelphia anaweza kukupigia picha, na picha huwa inafungua mambo.

Basi maswali yangu ni haya. Gilmore alipiga peke yake, na ilikuwa saksofoni au klarineti? Ngoma zilikuwa ngapi? Ulipokuwa unatoka nje, ni sehemu gani ya muziki uliyokuwa ukiimba mdomoni? Na yule mzee alipokuinamia aliimba maneno gani hasa, kwa sauti ya chini au ya juu, na bendi nyuma yake ilikuwa ikifanya nini wakati huo?

Kama kuandika kunakuchosha, nirekodie sauti kwenye simu, hata iwe ya saa nzima. Nitainakili mwenyewe neno kwa neno.

Mpwa wako