Risala ya Watumishi wa Hospitali kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usafi wa Mikono Duniani, Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mfawidhi, watumishi wenzetu, ndugu wa wagonjwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuja kuadhimisha nasi tarehe 5 Mei, siku ambayo Shirika la Afya Duniani limeitumia tangu mwaka 2009 kuwakumbusha wahudumu wa afya kusafisha mikono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi hudhani kwamba mtumishi asiyenawa ni mzembe au hakufundishwa. Sisi tulio wodini tunazijua nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) au kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Huo wa mwisho hutuponyoka mara nyingi, kwani aliyenyoosha shuka au kusogeza stendi ya dripu haoni kama amemgusa mtu.

Kinachotushinda ni umbali na muda. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa 20, akimfikia kila mmoja mara 3, na hata tukihesabu kunawa mara moja tu kati ya mgonjwa na mgonjwa, anatakiwa kunawa mara 60. Kunawa vizuri kwa sabuni na maji tiririka huchukua sekunde 40 hadi 60, kwa hiyo atasimama mbele ya sinki dakika 40 hadi saa nzima, mbali na hatua za kwenda na kurudi, huku mtoto mwenye degedege akimsubiri. Tunashukuru sana kwamba maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, lakini bomba la ukutani halimfuati muuguzi kitandani.

Glovu nazo zimetudanganya. Hutoboka bila kuonekana, na wakati wa kuzivua uchafu huhamia mikononi. Tena tumewahi kushuhudia, na tunakiri kwa uchungu, jozi moja ikipita kwa wagonjwa wawili.

Gharama ya jambo hili ilionekana zamani. Mjini Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima akina mama katika wodi ya wazazi. Vifo katika wodi hiyo, vilivyokuwa takriban 18 kwa kila wazazi 100 mwezi Aprili, vilishuka hadi takriban 2 kufikia Juni. Wodi yetu ya wazazi hupokea akina mama kila siku, na kila mmoja wao anakuja akitumaini mikono yetu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa ni kitakasa mikono kwenye kila kitanda, mahali ambapo mkono unafika bila kupiga hatua. Hutumia sekunde 20 hadi 30, na mfamasia wetu anaweza kukitengeneza hapahapa kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, akichanganya ethanoli, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa yakapoa. Gliserini si pambo: kiangazi cha Tabora hupasua ngozi, na mwenye mikono yenye michubuko hukwepa spiriti. Tunachokosa ni malighafi na chupa za pampu. Sabuni bado itahitajika, kwa sababu kitakasa hakifai kwa mikono inayoonekana michafu, wala hakitoshi baada ya kumhudumia mgonjwa wa kuhara.

Tunakuomba pia uwaambie ndugu wa wagonjwa, wakusikie wewe mwenyewe, kwamba wana ruhusa ya kuuliza, "Nesi, umenawa?" Nasi tunaahidi mbele yako kwamba atakayeuliza hivyo hataitwa mkorofi, na atajibiwa kwa kuoneshwa mikono ikisafishwa.

Tunaomba kuwasilisha.