Mwanangu, usiiache 2 nyuma

Mwanangu mpendwa,

Karatasi zako za mtihani wa majaribio zimefika Tukuyu salama. Maswali ya maumbo umepata yote, tena kwa mwandiko safi. Nimefurahi sana, na bibi yako nimemsomea. Lakini KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja bila baki, ya 24, 36 na 90 umeandika 180, kosa lile lile la muhula uliopita, na mtihani wa darasa la saba unakaribia. Gawanya 180 kwa 24: unapata 7, inabaki 12. KDS haibakizi kitu. Ungehakiki hivyo, ungeliona mwenyewe.

Nimefuata ngazi yako ya kugawanya mstari kwa mstari. Uligawanya kwa 2 ukapata 12, 18, 45. Kwa 2 tena, 6, 9, 45. Hapo ukahamia 3. Kwa nini, na 6 bado inagawanyika kwa 2? Kusimama pale namba zote zisipogawanyika pamoja ni kanuni ya KKS, kigawo kikubwa cha shirika, namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote. Kwenye KDS ikigawanyika hata moja inatosha, nyingine unazishusha zilivyo: 3, 9, 45. Ndipo uende 3: 1, 3, 15. Tena 3: 1, 1, 5. Halafu 5: 1, 1, 1. Zidisha namba za kushoto ulizogawanyia: 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 = 360. Yako imeishia 2, 1, 1, ukapiga mstari na kuondoka. Ile 2 ndiyo iliyokunyima alama. Usiondoke mpaka safu ya chini iwe 1 tupu.

Ukipenda vipeo, ni vile vile: 24 = 2³ × 3, 36 = 2² × 3², 90 = 2 × 3² × 5. Kila namba tasa, ile inayogawanyika kwa 1 na yenyewe tu, ichukue mara moja, kwa kipeo chake kikubwa kuliko vyote: 2³ × 3² × 5. Wewe ulichukua 2² ya 36 ukaisahau 2³ ya 24. Kipeo kikubwa, mwanangu. Kidogo ni cha KKS.

Na usiamini sura ya namba ukadhani ni tasa. 51 ni 3 × 17, 57 ni 3 × 19, 91 ni 7 × 13. Namba iliyo chini ya 121 ijaribu kwa 2, 3, 5 na 7. Zote zikishindwa, ni tasa. 1 si namba tasa.

Swali la daladala umelipata: moja kila dakika 12, nyingine kila dakika 18, zimeondoka pamoja saa 2:00, zitaondoka pamoja tena saa 2:36. Kwa hiyo akili unayo, ni haraka tu. Punguza haraka.

Sweta na soksi nzito nimempa kondakta wa basi la Iringa, azishushe Mafinga. Mwombe mlezi wa bweni akufuatie. Ndani kuna sabuni na maparachichi, magumu bado, yaache yaive kwanza. Ada iliyobaki baba yako atalipa tukiuza chai ya mwezi huu. Mdogo wako anakohoa ila anakula.

Nifanyie KDS ya 28, 42 na 45. Usinitumie jibu peke yake, nataka kuiona ngazi yote hadi 1, 1, 1.

Mama yako